Mlichokiita Kelele

Machi 9. Asubuhi ya mawingu mazito, upepo wa baridi, mvua haijanyesha.

Mdogo wangu,

Hapa hatujambo. Mama anakula vizuri na uji anaumaliza. Mkono wa kushoto umepata nguvu kuliko mwezi uliopita, wa kulia bado. Nina sare za shule za kushona mpaka mwisho wa mwezi, zote za bluu, nikifumba macho naona bluu. Paa limezibwa pale lilipokuwa linavuja juu ya kitanda chako. Hizo ndizo salamu, zimekwisha.

Jana mchana nilikwenda dukani kwa jirani kununua uzi. Nimeinama kwenye kaunta nachagua rangi, nikasikia Mama anasema nyuma ya pazia: "Kifaranga wangu, dawa ya mchana umekunywa? Usinidanganye, nakujua." Ilikuwa sauti yake kabisa, na kile kikohozi kidogo anachotangulia nacho kabla ya kumkaripia mtu. Niliacha uzi. Kiatu kimoja kilinivuka mlangoni, nikakiacha nacho. Nilikimbia njia nzima nikisema amepona, amepona, Mama amefungua mdomo.

Nilimkuta kwenye kiti chake karibu na dirisha, kama nilivyomwacha. Mdomo umefungwa, kama ulivyofungwa tangu kiharusi kilipompiga mwaka juzi. Akanitazama usoni, kisha akautazama mguu wangu mtupu.

Nikarudi dukani. Jirani akatoa simu yake kwenye kanga, anacheka. "Mwenzangu, hii huijui? Programu ya kukumbusha dawa, ya watoto wa chuo kikuu. Presha yangu imetulia tangu niiweke. Na huyu mama wa humu ana sauti tamu, kama ya mama yako enzi zake."

Kama ya mama yangu, anasema.

Katika dunia hii Mama ana kifaranga mmoja tu, na huyo anasoma chuo kikuu mambo ya kompyuta. Kwa hiyo sikuhitaji kuuliza ni nani. Nakuuliza mambo mawili tu: ruhusa ulipewa na nani, na unaiondoa lini?

Usinipigie simu, sitapokea. Nakuandikia kwa karatasi na barua nitampa dereva wa basi la asubuhi, kwa sababu sitaki na sauti yangu muiokote.

Dada yako.


Machi, mwishoni

Dada mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo kwa Mama pia, mpigie goti kwa niaba yangu. Nimefurahi sana kusikia mkono wa kushoto una nguvu. Samahani kwa kuchelewa, tulikuwa na majaribio ya kati ya muhula, halafu mwenzangu wa chumba aliumwa tumbo, halafu bweni zima lilikosa maji. Mimi ni mzima, nimekonda kidogo tu.

Ngoja nikueleze maisha yetu huku ili unielewe. Asubuhi nina vipindi. Mchana nakwenda ofisini kwetu, usicheke, tuna ofisi. Ni chumba kimoja ghorofani juu ya mafundi simu, kuta zimejaa vikaratasi vya rangi, kwenye kila kikaratasi wazo la mtu. Tuko watatu. Yupo mwanafunzi mwenzangu ambaye tunamwita Mkurugenzi, kwa sababu siku ya kwanza alikuja amevaa koti la suti juu ya suruali ya michezo. Yupo mwingine tunamwita Masikio, yeye ndiye fundi wa sauti. Jengo zima lina vijana kama sisi, kila chumba kina kampuni, na kila kampuni ina Mkurugenzi wake. Chai tunakunywa kutoka birika moja.

Kazi yetu ilianza kama zoezi la darasani. Mhadhiri alitaka kila kundi litatue tatizo la kweli. Tukawaza wagonjwa wanaosahau dawa. Tulijaribu sauti za kununua, zile za kiroboti, watu wakazizima. Ndipo nikakumbuka jumbe za sauti ambazo Mama alikuwa akinitumia kila asubuhi mwaka wangu wa kwanza na wa pili, kabla hajaugua. Nilikuwa nazo zote. Masikio alizisafisha, akaifundisha mashine. Kwa hiyo, Dada, kwa kweli ile si sauti ya Mama. Ni mashine iliyojifunza kutoka kwake. Mama hajawahi kusema "dawa ya mchana umekunywa". Ni mfano wake.

Watu wanaipenda mno. Wapo wanaoijibu. Tumechaguliwa kuionyesha mbele ya wawekezaji mwezi wa nane.

Wanachotaka ni kitu kimoja kidogo, karatasi ya ridhaa ya mwenye sauti. Nimeiambatisha. Mama akiweka dole gumba na wewe ukisaini kama msimamizi wake, basi. Mrudishie dereva.

Mdogo wako akupendaye,
Kifaranga.


Aprili 6. Jua kali tangu saa moja. Hakuna jani linalotikisika.

Mdogo wangu,

Mama hajambo. Mimi mgongo unaniuma. Sare nimezimaliza. Paka wa jirani amezaa ndani ya kapu langu la vipande, sijamfukuza.

Nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani umekosea kuikunja, umeacha ukurasa. Nilikuuliza mambo mawili na hukujibu hata moja. Umenieleza habari za birika la chai.

Ile si sauti ya Mama, ni mfano wake. Haya. Mtu akija hapa akachukua gauni nililomshonea mteja, akalilaza chini, akakata jingine juu yake mshono kwa mshono, halafu akaniambia hili si lako, hili ni mfano, nitamwita nani? Sikufika chuo, niliishia kidato cha nne, lakini jina la mtu huyo nalijua.

Na hiyo karatasi. Unafungua duka kwanza, unauza, unasifiwa, kisha unamtumia mwenye mali karatasi akubali. Tena unamtumia kwa mkono wangu, nimshike Mama dole gumba kama ninayemchukua alama kituo cha polisi. Nakurudishia. Sikuikunja vibaya, wala sikuisaini.

Unataka kujua Mama amesemaje? Jirani alikuja na simu yake humu ndani, sikuweza kumzuia, unamjua. Akaiwasha mbele ya Mama. Mama alilia. Umeridhika?

Ulipoondoka ulisema utakuja kila likizo. Tangu Mama alale hospitali mpaka leo hujakanyaga hapa. Sauti yake umeipeleka mpaka jikoni kwa watu, wewe mwenyewe mlango wa kwenu umeusahau. Kwa nini huji?

Iondoe.

Dada yako.


Tarehe 14 Mei

Dada,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na paka wamefumbua macho.

Nilikaa kimya makusudi, nikisubiri hasira zipungue. Hazijapungua, lakini naandika hivyo hivyo.

Nimempigia jirani wa dukani. Yeye simu yangu anapokea. Nilimuuliza siku ile Mama alifanyaje. Amesema hivi, nanukuu: "Mama yako alicheka mpaka mabega yakatikisika, dada yako akanyanyuka akatoka nje." Alicheka, Dada. Mimi umeniandikia alilia. Nililala na neno hilo wiki tano. Niliingia kwenye mtihani nalo, karatasi ikawa mbele yangu na mimi naona Mama analia, nikatoka sijajibu hata nusu. Somo hilo nitalirudia. Ulijua unafanya nini.

Unasema mimi nimechukua sauti yake. Wewe umechukua kilichobaki. Mama ana mkono wa kushoto, anafungua kiganja kwa ndiyo, anafumba ngumi kwa hapana, daktari mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Akili yake ni nzima. Je, umewahi kumuuliza? Umemwonyesha ile karatasi? Hujamwonyesha. Unaogopa atafungua kiganja. Unamsemea kila kitu, njaa yake, usingizi wake, mpaka hasira zake unazitoa wewe. Huyo si mtoto wako. Ni mama yetu wote wawili.

Huku nako si raha kama unavyodhani. Mkurugenzi ananiuliza karatasi kila asubuhi kabla ya salamu. "Kifaranga, ridhaa iko wapi?" Ameshaandika hotuba ya kuwasomea wawekezaji, imejaa maneno "mama mmoja mpendwa kutoka familia ya kawaida". Masikio haongei, anasafisha sauti tu. Usiku mwenzangu wa chumba ananiambia nizime taa. Sina mtu wa kumweleza, na dada niliye naye ananipiga kwa barua.

Umeuliza kwa nini siji. Hilo sitalijibu.

Mdogo wako.


Juni 2. Mvua ya manyunyu tangu alfajiri, nguo hazikauki.

Mdogo wangu,

Umeanza na shikamoo, nimeipokea. Marahaba. Kilichofuata baada yake hakina adabu, ila nitakijibu, maana mimi huwa najibu nilichoulizwa.

Mama alicheka. Ndiyo. Na machozi yalimtoka, mimi ndiye niliyeyafuta. Niliandika yale niliyoyafuta. Jirani aliona mabega kwa sababu alikuwa amesimama nyuma, na anapenda vichekesho.

Unajua alicheka nini? Alicheka aliposikia "Kifaranga wangu". Alidhani umekuja. Aligeuza shingo kwenye mlango, akangoja, kisha akaitazama simu. Ndipo nilipotoka nje. Hilo jirani hakukusimulia, kwa kuwa hakuliona.

Sasa nisikilize, na hili nitaliandika mara moja.

Wewe una jumbe za Mama za miaka miwili, asubuhi kwa asubuhi. Ukitaka unamsikia akicheka, ukitaka unamsikia akipiga chafya. Mimi sina hata moja. Nimeitafuta simu yangu kuanzia juu mpaka chini. Nina jumbe za wateja, nina za fundi wa paa, nina moja ya mtu aliyekosea namba. Za Mama hamna. Kwani mtu humtumia ujumbe wa sauti aliye naye chumba kimoja? Alikuwa hapo, hatua tatu kutoka kwenye cherehani yangu. Alikuwa anageuza kichwa tu na kusema. Na mimi, kama mjinga, nilikuwa nasikia tu, nikiendelea kukanyaga pedeli.

Wewe uliyeondoka ndiye uliyebaki naye. Niliyebaki nimebaki na ngumi na kiganja.

Halafu naingia dukani kununua uzi, na kila mwenye presha mtaani anaitwa kifaranga na mama yangu. Wageni wote wa dunia anawaita. Mimi hakuniita hivyo hata siku niliyozaliwa. Mimi aliniita Cherehani, na tangu aliponyamaza hakuna tena anayeniita hivyo.

Karatasi sitamwonyesha. Andika kwamba ni woga, andika unachotaka.

Dada yako.


Tarehe 20 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma kwenye ngazi za maktaba, watu wananiruka.

Sina maneno. Kwa hiyo nimekutengenezea kitu badala ya maneno. Ndani ya bahasha kuna kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu, imefungwa kwenye karatasi ya kahawia. Iweke kwenye simu yako, kuna faili moja tu. Tulikaa Jumamosi nzima mimi na Masikio mpaka ikatoka sawa, hata ile pumzi yake ya katikati ipo. Ni yako peke yako, haimo kwenye programu.

Natumaini itakupoza.

Kifaranga.


Juni 27. Ukungu. Saa mbili bado sijaona nyumba ya mbele.

Wewe,

Leo sina salamu.

"Cherehani, mwanangu, ahsante kwa kunitunza. Nakupenda sana."

Mama? Mama huyu huyu? Ameishi humu ndani miaka yote, hajawahi kumwambia mtu wa nyumbani mwake ahsante, angeona anamtukana. Hajui hata kulitamka hilo la pili. Siku nilipofaulu kidato cha nne alisema, "Haya, kumbe huwa unasoma." Siku nilipofungua kazi yangu ya kushona alikuja akavuta mshono wa kwanza kwa kucha, ukashika, akasema, "Sawa." Hiyo "sawa" niliibeba mwaka mzima.

Mmemvalisha Mama maneno ya kadi za dukani. Mmemkalisha na pumzi yake ya katikati, mkampa maandishi asome. Kwanza mlimfanya mama wa kila mtu, sasa mmemfanya mama wa mtu mwingine na kumleta kwangu. Niliisikiliza hatua tatu kutoka kwenye kiti chake, na yeye mwenyewe akaisikia. Alifumba ngumi. Alifumba mpaka kucha zikamwacha alama.

Kadi nimeikata kwa mkasi mkubwa, ule wa jinzi.

Usiniandikie tena mpaka uwe na kitu cha kweli.


Tarehe 3 Agosti

Dada,

Shikamoo. Wasalimu wote. Sikuandika mwezi mzima kwa sababu uliniambia nisiandike mpaka niwe na kitu cha kweli. Nadhani ninacho. Ukiona siyo, mkasi unao.

Nianze na uliloniuliza nikakataa kujibu. Siji kwa sababu nikija nitamkuta amenyamaza. Huku anaongea. Kila asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza namfungulia, ananiambia nivae sweta. Nikishamwona kwenye kile kiti, sweta litaisha. Hiyo ndiyo sababu, na najua ni ya aibu, na najua wewe hukupewa nafasi ya kuwa nayo.

La pili. Baada ya barua yako nilimfuata Masikio, nikamuuliza kitu ambacho sikuwahi kumuuliza: jumbe za Mama alizisafisha vipi? Akanitazama kama nimeuliza sabuni ni nini. "Nilitoa kelele," akasema. "Zako zilinitoa jasho kuliko zote. Kulikuwa na mashine."

"Mashine gani?"

"Sijui. Inanguruma, inasimama, inanguruma. Ipo nyuma ya kila ujumbe. Halafu mama yako ana tabia mbaya, anakatiza katikati anagombana na mtu. Nimemkata kila mahali."

Nikamwambia, "Uliyemkata ni dada yangu."

Akavua vile visikilizio vyake. Masikio hajawahi kuvivua, hata akila. Akasema hajafuta, fundi mzuri hafuti, huweka pembeni. Akanifungulia folda. Aliiita Takataka.

Dada, upo kwenye kila ujumbe. Nilipokuwa nazisikiliza zamani sikukusikia, nilikuwa namngoja Mama arudi kwangu. Nimezisikiliza zote wiki nzima na sasa ninaposikia zile zilizosafishwa, Mama anaongea kama yuko kwenye chumba kitupu, chumba ambacho hakijawahi kuwepo.

Nimeziweka zote kwenye kadi. Sijapanga, sijaunganisha, sijapandisha sauti. Kuna nyingine ni cherehani tu. Nyingi ni matusi, nakuonya.

Karatasi ya ridhaa sikuiweka ndani na sitaituma tena. Nimemwambia Mkurugenzi kwamba kama jibu halitoki kwenu, siku ya maonyesho programu itakuwa bubu. Amepiga meza. Amesema nimemsaliti mbele ya jengo zima, kwamba angejua mapema asingeniruhusu kuleta mambo ya ukoo kwenye biashara. Nikamwambia biashara yote ni mambo ya ukoo wangu, yeye kaleta koti tu. Hatusemeshani. Maonyesho ni tarehe 21.

Mdogo wako.


Agosti 11. Asubuhi safi, mbingu imeoshwa, baridi kidogo.

Mdogo wangu,

Mama hajambo. Jana alishika kikombe mwenyewe na kunywa nusu, nusu ikanimwagikia mimi. Paka wakubwa sasa, wawili nimewagawa. Nimepata kazi ya mapazia ya hoteli, majora ya kitambaa yamepangwa juu ya kitanda chako mpaka yamefika dirishani.

Kadi nilikaa nayo siku tatu kwenye kopo la vifungo. Juzi nikaiweka kwenye simu, nikaiwasha, nikaendelea kushona, kwa sababu sikutaka kukaa nimekunja mikono kama anayesubiri kuletewa chakula.

Ilianza cherehani. Nilidhani ni hii niliyokuwa naikanyaga, mpaka nikaona zinapishana. Ni ile ya zamani, nimeitambua kwa pale inapokwama, kabla sijabadilisha mkanda. Halafu kikohozi. Halafu Mama:

"We Cherehani! Nyamaza hapo, naongea na mtoto!"

Nikatoa mguu kwenye pedeli.

Niliutoa kabla sijakumbuka, mdogo wangu. Nikageuka kumwangalia kuomba radhi. Alikuwa ananiangalia yeye, na mkono wa kushoto uko juu, kidole kimenyooshwa kwangu, vile vile.

Tukasikiliza zote. Matusi ni kweli. "Sindano zako nitakuja kuzila siku moja." "Funga hilo dirisha, umekuwa bata?" "Huyo dada yako anashona hata nikiwa naomba Mungu, basi Mungu anadhani mimi ni kiwanda." Na ile moja, unaijua ni ipi, ambayo anakuacha wewe katikati ya neno: "We, umekula? Hujala. Najua hujala, nimehesabu vijiko. Amka hapo." Halafu cherehani inanyamaza. Halafu kiti kinavutwa. Hicho kiti ni mimi. Nilikwenda kula.

Hakuna ahsante hata moja. Nimezikagua.

Sasa mambo yenu. Karatasi uliyonitumia Machi nilikurudishia, lakini nilikuwa nimeshainakili kwa mkono, mimi huwa nanakili kila kinachopita hapa. Nimemsomea Mama neno kwa neno. Nikamuuliza: sauti yako iendelee kwenda kwa watu wenye dawa? Alifungua kiganja. Alifungua upesi, sikupenda. Wewe ulisema atafungua, basi furahi, umepata.

Nikamuuliza la pili: na wote waitwe kifaranga? Akafumba ngumi. Akaipiga kwenye mkono wa kiti, kikombe kikaruka.

Dole gumba ameliweka mwenyewe kwenye nakala hiyo, imo ndani ya bahasha. Hilo la pili nimeliandika pembeni yake kwa kalamu nyekundu, na chini yake nimeandika la kwangu mimi, msimamizi. Mama hajawahi kuongea peke yake ndani ya nyumba hii. Kile mlichokiita kelele mkirudishe nyuma ya sauti yake, kila mahali mlipokitoa. Nimekumbuka hotuba ya huyo Mkurugenzi wenu kama ulivyoieleza, "mama mmoja mpendwa kutoka familia ya kawaida". Familia yenyewe ndiyo hiyo inayonguruma. Wakisema inawachosha wateja, karatasi hii haina kazi na dole gumba limo bure. Mkikaidi, nitakuja hapo ghorofani kwenu tarehe 21 na mkasi, na nitaanzia kwenye koti lake.

Usidhani tumepatana. Ulichukua bila kuuliza, ukanitumia Mama wa bandia, na miaka miwili nimemgeuza Mama kitandani peke yangu. Hayo yote yako hapa na mimi, sijayaweka pembeni kwenye folda.

Likizo inaanza mwisho wa mwezi. Majora yaliyo kitandani kwako siyaondoi. Ukija utayaondoa mwenyewe. Njoo na sweta.

Dada yako,
Cherehani.

Agosti 12, naongezea kabla basi halijaondoka. Leo pia kweupe, umande mwingi. Jana Mama alipolala niliirudia kadi kwa sauti ya chini, ile ya vijiko. Nikaamka, nikaenda nikala. Nimelala saa saba na dakika ishirini usiku.